Bunduki Kabatini, Mshipi Ziwani: Ushauri kwa Anayetaka Kumiliki Silaha

Kila kijana anaponijia kuuliza namna ya kupata kibali cha bunduki, mimi huanza kwa kumuuliza anafanya nini Jumamosi jioni. Wengi hucheka wakidhani namtania. Nimemiliki bunduki ya mitutu miwili ya marisau, zile punje ndogo za risasi, kwa muda unaokaribia miaka 20, nikiishi hapa Mwanza, kwanza Kirumba, katikati ya kelele za samaki na magari, na sasa Kisesa, na nimeshawishika kwamba jibu la swali hilo linaeleza mengi kuhusu muombaji kuliko fomu zote atakazojaza. Mwenye mshipi wake wa kuvulia, bao lake, bustani yake au kwaya yake ataweza kukaa na bunduki ndani ya nyumba bila kuigusa kwa miezi mitatu. Asiye na chochote cha kumshughulisha ataitoa kila jioni aitazame, na mwisho ataitafutia kazi.

Bunduki hii ilikuwa ya marehemu baba. Aliitumia kulinda mahindi na mihogo katika shamba lililopakana na ziwa, mahali ambapo viboko walikuwa wakipanda usiku na kuondoka alfajiri wakiwa wamelaza nusu ekari. Alipofariki, kikao cha ukoo kiligawa ng'ombe, majembe na kiti chake cha kigoda, na baba mdogo akanikabidhi bunduki pamoja na vitu hivyo, akasema, "Chukua mwanangu, ni ya baba yako." Niliipokea kwa mikono miwili kama inavyostahili, na kesho yake nikaipeleka polisi. Ndugu kadhaa waliona nimemdharau marehemu. Ukweli ni kwamba leseni hutolewa kwa mtu, na mtu huyo akifa bunduki hairithiwi kwa mila kama ng'ombe anavyorithiwa. Anayeitaka analazimika kuomba upya kwa jina lake. Leo mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, lakini katika jambo hili msingi haujabadilika. Ikiwa nyumbani kwenu kuna gobore la babu limelala darini, usisubiri kuulizwa. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na huo ndio wakati wa kulishusha.

Ombi langu lilipita serikali ya mtaa, kata, wilaya, hadi mkoa, na lilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Nilinung'unika sana. Hata hivyo, ni katika mwaka huo wa kusubiri ndipo shemeji yangu, aliyechoka kunisikia nikilalamika kila mwisho wa wiki, aliponinunulia mshipi na ndoano akanipeleka kukaa naye juu ya mawe upande wa Capri Point. Siku ya kwanza sikupata kitu zaidi ya jua kichwani. Siku ya tatu nilivuta sato mmoja ambaye shemeji alimtazama, akampima kwa kiganja, akamrudisha majini kwa sababu hakufika sentimita 25 zinazotakiwa. Nilikasirika kwa dakika chache, kisha nikacheka, na tangu siku hiyo sikuwahi tena kuhesabu siku za kusubiri leseni. Ilipotoka, nilikuwa tayari nina kitu cha kufanya Jumamosi.

Sitaki kujifanya mtawa. Bunduki ina raha yake, na anayekuambia haina, ama hajawahi kuishika au anakuficha. Ipo harufu ya mafuta inapofunguliwa, upo mlio mfupi mitutu inapofunga na kukaa sawasawa kwenye kitako, na ipo ile furaha ya kuamka kabla ya jogoo, ukiwa na kibali mfukoni, kwenda kuwasubiri kanga watokee vichakani wakati umande haujakauka. Lakini raha hii haikubali kuchanganywa na nyingine. Mshipi unaweza kwenda nao pikiniki, ukaimba nao, ukanywa nao bia, ukampa mtoto aushike. Bunduki ina siku yake peke yake, na siku hiyo hakuna bia, hakuna wageni, hakuna watoto, na hakuna kupitia mahali "kidogo tu" wakati wa kurudi.

Hili nililijua kwa maneno kabla ya kulijua kwa mwili. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na sherehe ndogo nyumbani ya kumpokea mpwa wangu aliyemaliza chuo. Sato walikuwa wamechomwa, wageni wamekaa barazani na sahani mapajani, na mimi nilikuwa nimekunywa chupa mbili. Mgeni mmoja akasema amesikia kwamba nina bunduki ya zamani yenye nakshi nzuri ubavuni, nami kwa majivuno ambayo mpaka leo yananiaibisha nikaingia ndani kuichukua. Nilikuwa na hakika kwamba ilikuwa tupu, kwa kuwa nilikumbuka vizuri kabisa nilivyotoa risasi zote mbili nilipotoka porini wiki mbili kabla. Nilipofika chini ya taa ya baraza mkono wangu ulifanya kwa mazoea kile ambacho kichwa changu hakikukiona cha lazima: ukaikunja mitutu na kuifungua. Upande wa kushoto palikuwa na tundu jeusi. Upande wa kulia palikuwa na duara la shaba linalong'aa, safi, halina alama ya kugongwa katikati. Niliichomoa ile risasi nyekundu nikaifumbata, na hakuna mgeni aliyeona. Mpwa wangu alikuwa amesimama hatua mbili mbele yangu akitabasamu, akinyoosha mikono aipokee.

Nilirudi ndani, nikafunga kabati, nikasema ufunguo umepotea. Mke wangu peke yake ndiye aliyetambua kwamba uso wangu umebadilika, na nilipomweleza usiku ule hakunigombeza. Aliniomba tu ufunguo wa pili uwe kwake. Nilimpa ufunguo wa sanduku la risasi na kubaki na wa kabati, na ndivyo ilivyo hadi leo, kwa hiyo siwezi kuipakia bunduki bila kumweleza mtu mwingine ninakokwenda na kwa nini. Basi ushauri wangu wa kwanza wa vitendo ni huo: kumbukumbu haitoshi kukuambia kama bunduki ni tupu. Ifungue, tazama kwa macho, kisha ingiza kidole, na ufanye hivyo kila inapobadilisha mikono, hata kama aliyekupa ameifungua mbele yako sasa hivi.

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi wa mkoa huu. Mwanza ni mji wa mawe na maji, na vyote viwili hurudisha risasi. Risasi inayopiga jabali kwa pembe ndogo haiishii pale, bali huchepuka na kuendelea na safari, na maji ambayo mtu huyadhani ni laini hufanya vilevile, kama jiwe bapa ambalo watoto hulirusha likaruka juu ya mawimbi. Hata risasi ndogo ya milimita 5.6, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na katika umbali huo ziwani huwezi kukosa mtumbwi wa wavuvi wa dagaa au mama anayechota maji. Marisau hayafiki mbali kiasi hicho, lakini nayo hudunda juu ya mawe. Kwa sababu hiyo mimi sifyatui nikielekea ziwani, wala palipo na majabali nyuma ya shabaha, hata kama mnyama amesimama vizuri namna gani. Nahitaji udongo wa kilima nyuma yake, na nisipouona narudi nyumbani mikono mitupu. Nimerudi hivyo mara nyingi.

Kuhusu utunzaji, unyevu wa ziwa ni adui mkubwa kuliko mwizi. Nilianza kwa kuiweka bunduki ndani ya mfuko wake wa ngozi nikidhani naihifadhi, na baada ya masika moja nikakuta kutu imechora ramani kando ya mtutu, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia. Sasa inakaa wima, nje ya mfuko, ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, nami huipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hata kama haijatoka. Risasi zinakaa chumba kingine. Chini ya godoro si mahali pa kuweka bunduki, na juu ya kabati la nguo pia si mahali, maana mtoto wa miaka sita anajua kila kilichomo ndani ya nyumba yenu kuliko mnavyodhani. Makaratasi nayo yatunzwe: mwaka 2016, silaha zilipohakikiwa nchi nzima, niliwaona watu wazima wakihangaika kutafuta leseni walizokuwa wameziviringisha kwenye magazeti.

Wapo wanaoniambia kwamba hawataki starehe, wanataka ulinzi. Ninawaelewa, lakini huwakumbusha kwamba Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee walijibu kwa sungusungu, yaani kwa yowe, filimbi, pinde na majirani waliotoka wote kwa pamoja. Taa ya nje, mbwa na jirani anayepokea simu vitakusaidia usiku mwingi zaidi ya bunduki, ambayo yenyewe ni mali ambayo mwizi angependa kuipata.

Niongeze pia kwamba leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha uwindaji peke yake, kwa aina ya mnyama, mahali na wakati uliotajwa, na kiboko akila mpunga wako anayepaswa kuitwa ni afisa wanyamapori. Vibali hivi na masharti yake ndivyo vilivyonisukuma kwenye starehe niliyoipenda kuliko zote. Msimu mmoja nilipokosa kibali nilinunua darubini iliyotumika, nikaanza kwenda Saanane, kisiwa kidogo kilicho karibu kabisa na mji, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Niligundua kwamba sehemu kubwa ya nilichokipenda katika uwindaji, yaani kuamka mapema, kunyamaza, kungojea na kuona kabla ya kuonekana, ilikuwa inapatikana palepale bila risasi hata moja. Furukombe akishuka kuchukua samaki hunifanya nishike pumzi vilevile kama kanga alivyokuwa akinifanya. Na mnandi, ambaye zamani sikumtofautisha na jiwe, sasa namjua kwa namna anavyotandaza mabawa kuyakausha.

Gharama sitazizungumza sana. Jumlisha bunduki, leseni, kabati na risasi, kisha ulinganishe na bei ya ndoano.

Limebaki jambo moja ambalo watu hawapendi kuliandika. Kuna mwaka nilipoteza karibu mtaji wangu wote katika biashara ya dagaa, na kwa miezi kadhaa nilikuwa silali. Sikuwa na nia mbaya yoyote, lakini usiku mmoja saa tisa nilijikuta nimekaa sebuleni nikilitazama lile kabati kwa muda mrefu, na nikaogopa ule utulivu nilioukaa nao. Kulipokucha niliipeleka bunduki polisi, nikaomba waitunze, nikapewa stakabadhi. Askari wa zamu hakuuliza kitu zaidi ya namba ya leseni. Ilikaa huko miezi minane. Uchunguzi wa afya ya jamii, hasa Marekani ambako bunduki za majumbani ni nyingi, umeonyesha tena na tena kwamba kuwepo kwa silaha ndani ya nyumba kunaongeza hatari ya mwenye nyumba au mtu wa familia kujiua, kwa kuwa fikra ambayo ingepita kabla ya asubuhi inakuta chombo kiko karibu. Ukiwa katika msiba, deni kubwa, ugomvi wa ndoa au wivu unaokuchoma, iondoe bunduki nyumbani kabla ya kuondoa kitu kingine chochote, na usione haya kwa askari wala kwa jirani atakayekuona umebeba. Kisha mpigie simu mtu mnayevua naye. Mimi nilimpigia shemeji, naye hakunipa hotuba. Alikuja na chambo.

Mwaka huu nimewaita watoto kuzungumzia itakavyokuwa nikiondoka, maana sitaki kikao cha ukoo kirudie kosa lililotaka kufanyika kwangu. Kijana wangu amesema hataki bunduki, anakaa Nyegezi kwenye chumba kimoja na hana mahali pa kuiweka, na nimeandika kwamba irudishwe polisi pamoja na risasi zitakazokuwepo. Binti yangu aliuliza kama darubini nayo inahitaji leseni. Nilipomwambia haihitaji, aliichukua siku ileile.