Ukija Omaha mwezi wa sita, hesabu mikono

Juni 2023 niligawa bure tiketi ya mchezo wa besiboli ya vyuo vya Marekani ambao watu wa Omaha mpaka leo wanausimulia. Nilikuwa na mwaka mmoja na ushee hapa jimbo la Nebraska, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na mwenzangu aliyekuwa anasafiri akaniachia tiketi yake ya Alhamisi, tarehe 22. Jumatatu ya wiki hiyo LSU, chuo kutoka Louisiana ambacho mashabiki wake walikuwa wameujaza mji fulana za zambarau na dhahabu, kikafungwa 3–2 na chuo kingine, Wake Forest. Mimi nimekulia chandimu. Kwetu ukifungwa kwenye mtoano unafungasha, unakwenda kunywa chai. Nikampa dada mmoja wa kanisani ile tiketi: "Mpe mwanao, ingawa sidhani hata kama kutakuwa na mchezo."

Mchezo ukawepo. LSU walishinda Jumanne, wakashinda Jumatano, Alhamisi wakakutana tena na Wake Forest. Paul Skenes, mrushaji wa LSU, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa upande wa pili, akarusha zamu 8, mirusho 120, bila kutoa pointi hata moja. (Katika zamu moja kila timu inapiga mara moja, na mchezo wa kawaida ni zamu tisa; zikitoka sare zinaongezwa.) Upande wa pili Rhett Lowder akarusha zamu 7, naye vilevile. Sifuri kwa sifuri mpaka zamu ya 11, ndipo Tommy White akaugonga mpira ukavuka ukuta, LSU wakatoka na 2–0. Kijana wa yule dada alirudi nyumbani hana sauti. Mimi niliona marudio kwenye simu, nimeegemea makabati ya kazini.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, nilioulipia: besiboli ya vyuo haimtoi mtu kwa kufungwa mara moja. Timu 64 zinagawanywa vituo 16, nne nne, na kila kituo anatolewa aliyefungwa mara mbili. Washindi 16 wanapangwa wawiliwawili, anayeshinda michezo miwili kati ya mitatu anapita. Wanane waliobaki ndio wanaokuja Omaha, na hapa tena ni mpaka ufungwe mara mbili, katika makundi mawili ya timu nne. Mabingwa wa makundi ndio wanaocheza fainali, nayo ni miwili kati ya mitatu. Mji umekuwa huu huu tangu 1950: wachezaji wa vyuo hawasemi wanakwenda fainali, wanasema wanakwenda Omaha.

Lakini kujua ratiba si kuelewa mchezo. Aliyenielewesha ni jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kila Ijumaa ya msimu hukaa barazani na redio, penseli na daftari la mistari. Nilidhani anaandika pointi. Kumbe anachora vijiti, vinne na cha tano kikiwakata, kama karani anayehesabu magunia. Kila kijiti ni mrusho mmoja. Mrushaji akibadilishwa, mzee anapiga mstari na kuanza upya. Nikamwuliza mbona hajali nani anaongoza. Akaniambia anayeongoza leo anaonekana na kila mtu. Yeye anataka kujua nani atakuwa na mkono Jumapili.

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Kurusha mpira kwa nguvu ile mara mia ni kazi inayomaliza bega na kiwiko, na mrushaji wa kuanza mchezo anahitaji siku kadhaa kabla hajarudi. Ndiyo maana msimu mzima wa kawaida, michezo 56, umejengwa juu ya mwisho wa wiki: timu mbili zinakutana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wa Ijumaa ndiye bora wao. Wa Jumamosi anamfuata. Katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne, wanarusha vijana wanaojaribiwa. Ukitaka kumwona mtu ambaye kesho kutwa atakuwa tajiri, nenda Ijumaa. Skenes alichaguliwa wa kwanza nchi nzima, timu za kulipwa zilipogawana wachezaji wapya Julai ile ile ya 2023, na wa pili akawa Dylan Crews, wa timu yake hiyo hiyo.

Sasa rudisha hesabu hiyo kwenye mashindano. Timu ikifungwa mchezo wa kwanza kwenye vituo vile vya wiki ya kwanza, ili ipite lazima ishinde minne mfululizo ndani ya siku tatu. Inaruhusiwa, ila mikono ya kufanyia kazi hiyo itatoka wapi? Unaweza kuona timu yenye wapigaji wakali ikipigwa kama ngoma Jumapili usiku, si kwa ubovu, bali kwa sababu anayerusha ni kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amebaki peke yake. Skenes alirusha dhidi ya chuo cha Tennessee Jumamosi tarehe 17. Ndiyo maana Alhamisi alikuwepo. Na baada ya mirusho 120 ya Alhamisi, fainali dhidi ya chuo cha Florida hakurusha hata mmoja. LSU walishinda wa kwanza 4–3, wa pili wakachapwa 24–4. Kazini siku ile walicheka sana. Kesho yake LSU wakashinda 18–4 na kubeba kombe. Asiyehesabu mikono anaona maajabu. Mzee wangu aliona daftari tu.

Usianzie Juni. Msimu unafunguliwa katikati ya Februari, wakati huku theluji bado iko barabarani, hivyo vyuo vya kaskazini vinaanza kwa kusafiri kwenda kucheza kusini. Joto likirudi, Chuo Kikuu cha Creighton kinacheza michezo yake ya nyumbani katika uwanja uleule wa fainali, Charles Schwab Field, hapa hapa katikati ya mji. Watu ni wachache, unakaa karibu mpaka unasikia kocha anavyokohoa. Unausikia na mlio wa gongo la kupigia mpira pia: vyuoni wanatumia la chuma, linalia "ting!" kama sufuria, tofauti na la mbao la wachezaji wa kulipwa. Watoto wangu hupenda mlio kuliko mchezo wenyewe.

Na usidharau timu iliyoingia kwa kubahatisha. Ole Miss, chuo cha Mississippi, mwaka 2022 waliwahi kuwa na ushindi 7 na vipigo 14 dhidi ya vyuo vya kanda yao. Wakawa timu ya mwisho kabisa kupewa nafasi kati ya zile 64 na kamati ya mashindano, wakalibeba kombe.

Mengine ni madogo: kofia, maji, na uangalie masharti ya mikoba kabla hujatoka nyumbani. Mvua ya radi ikija mchezo unasimamishwa, usikimbilie gari.

Mwaka 2025 nilinunua tiketi kwa pesa yangu, mbili, nikaenda na mzee. Jumamosi ya fainali, LSU na Coastal Carolina waliokuja na ushindi 26 mfululizo. Kade Anderson wa LSU alianza kurusha na akamaliza mwenyewe, zamu zote tisa, 1–0. Tulikaa kila mtu na daftari lake, hatuzungumzi, penseli tu zinakwenda. Kwenye zamu ya tisa kocha hakumtoa, na mzee akatikisa kichwa bila kunyanyua macho.

Mwishoni tukalinganisha vijiti. Vyangu 126, vyake 130. Matokeo rasmi yalipotoka, 130.

"Zamu ya sita," akaniambia, "ulikwenda kununua soda."