Mkuu, kabla hujaongeza mshahara, unalipa tarehe ngapi?

Mkuu, umeuliza kama ukiongeza mshahara vijana wa mgahawa wako hapo Sinza wataacha kukukimbia kila baada ya miezi michache. Mimi nasimamia zamu ya usiku kwenye bekari huku Tabata. Hela inasaidia, sibishi. Ila mshahara wako unatoka lini?

Kazi niliyotoka, ulikuwa unatoka "wiki hii hii". Bosi hakuwa amefilisika, alikuwa anasubiri wadaiwa wake wamlipe kwanza. Sasa mfanyakazi wa Dar ana kodi ya chumba, ana deni la unga kwa Mangi wa duka, ana mchezo wa kupeana hela na wenzake. Tarehe ikipita anakimbilia kausha damu, mikopo ya riba kali, na mshahara ukija unakuta riba inausubiri mlangoni. Kulikuwa na dada mmoja wa kufungasha mikate, mchapakazi haswa. Akashindwa kutoa hela ya mchezo, wenzake wakamsema mbele za watu. Jumatatu hakuonekana. Kumbe kaenda bekari nyingine, mshahara mdogo kuliko wa kwetu, lakini tarehe 28 hela ipo mkononi.

Na hili si la hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ulipe siku mliyokubaliana. Likizo nayo ni siku 28 kwa mwaka, si mpaka biashara ipoe. Hela ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndiyo usiiguse kabisa: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi humkati zaidi ya 10. Ukimkata usipeleke atajua tu, na akishajua, hapo mwili upo kazini ila moyo umeshahama.

Halafu mnafunga saa ngapi? Mtu wa mbali kama Chanika ukimwachia saa tano usiku, nauli ya bodaboda inameza alichokuja kutafuta. Sisi tunakabidhiana zamu saa mbili usiku, anayetoka anakuta daladala bado zipo.

Ile picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani, weka ukipenda. Sijaona iliyomzuia mtu.

Anza na tarehe. Mwezi ukikubana, lipa nusu siku ileile na uwaambie nusu ya pili inakuja lini, wewe mwenyewe, usimtume keshia. Na kama unalipa kwa simu, weka na hela ya kutolea.