Popoo, Shaba na Vidonge vya Madini: Maswali Yenu kutoka Lamu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kinywa. Nimeyafupisha.

Mwanangu, natafuna tambuu tangu niolewe. Mjukuu wangu asema popoo ina madini yanayoleta saratani. Si tunda la mti tu? — Bibi, Langoni

Shikamoo bibi. Mjukuu hakukosea. Popoo ina shaba, na ukiitafuna shaba hiyo huingia kwenye mate na nyama ya shavu. Mwilini mna kimeng'enya kinachokaza nyuzi za nyama, nacho hufanya kazi kwa shaba. Popoo ikishinda shavuni kila siku, nyuzi hurundikana, shavu likawa gumu kama kamba ya jahazi iliyokaukia chumvi. Shaba haiko peke yake: popoo ina kemikali iitwayo arekolini pia, nayo huchochea nyuzi hizo zizidi. Ugonjwa huo wa shavu kukaza wenyewe si saratani, ila baadhi ya wagonjwa huishia huko.

Jipime leo. Panua kinywa, simamisha vidole vyako vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili tu, au pilipili ikikuchoma kuliko zamani, nenda ukaonwe.

Najua utaniambia tatizo ni tumbaku, basi utaiondoa kwenye kijaluba ubaki na popoo na chokaa. Tumbaku kweli huzidisha hatari, lakini tangu 2004 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani inaihesabu popoo yenyewe, bila tumbaku, kuwa kisababishi cha saratani. Korosho nayo ina shaba, lakini korosho hulali nayo shavuni.

Navuta sigara. Nikinywa vidonge vya zinki na seleniamu, si vitanikinga? — Kijana, Malindi

Havitakukinga. Ni kweli wagonjwa wengi wa saratani ya kinywa wamepimwa damu wakakutwa na upungufu wa zinki na seleniamu, lakini mtu mwenye kidonda mdomoni hali vizuri, kwa hiyo upungufu huenda umeletwa na ugonjwa. Marekani na Kanada wanaume zaidi ya 35,000 waliingizwa kwenye jaribio la seleniamu na vitamini E kuanzia 2001, wakitazamia kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2008 wakaambiwa waache, faida haikuonekana.

Mtu mzima ahitaji mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku. Ukizoea kupita 400, nywele na kucha huanza kukutoka. Kipande cha jodari kinakutosha, na fedha ya vidonge itabaki mfukoni. Sigara ndiyo ya kuacha.

Nina upungufu wa damu, ulimi umekuwa laini na unawaka. Yahusu saratani ya kinywa? — Mama, Shela

Yaweza kuhusu. Upungufu wa chuma wa muda mrefu hudhoofisha ngozi ya ndani ya kinywa na koo. Pima damu kwanza. Kunde na mchicha kamulia ndimu, na chai ya rangi isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Tunapenda kuiteremshia wali, nayo huzuia chuma kuingia.

Nina kidonda pembeni mwa ulimi, hakiumi. Nisubiri? — Mvuvi, Mkomani

Kutouma kusikupe raha. Kikipita wiki mbili hakijafunga, au ukiona baka jeupe au jekundu lisilofutika, nenda kwa daktari wa meno. Usikisugue na chumvi, na tambuu iache nyumbani siku hiyo: atataka kuona kinywa kikiwa kitupu.