Pafu limesinyaa, nawe unaambiwa ukalale nyumbani

Vijana warefu wembamba, hasa wanaovuta sigara, wanaweza kusinyaliwa na pafu ghafla, bila ajali wala ugonjwa wa kifua unaojulikana. Mimi nimo kwenye kundi hilo, na naishi Uingereza. Nilifika idara ya dharura nimeshika ubavu, nikijua nitalazwa. Daktari akanichoma ganzi, akapitisha mrija mwembamba kifuani, akabandika kijikasha chenye vali. Eksirei ya pili ilipomridhisha, akaniruhusu.

Vali ile huitoa hewa iliyovuja kutoka kwenye pafu na kunaswa kifuani, na kuizuia isirudi. Utafiti uliofanyika hapa Uingereza kwa wagonjwa 236 na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wengi waliotumia kifaa hiki hawakuhitaji kulala hospitali kabisa, ilhali wa matibabu ya kawaida walikaa siku 4 hivi. Lakini soma na upande wa pili: madhara makubwa yote yalitokea kwa waliopewa kifaa, na baadhi yalitokana na kifaa chenyewe kuvuja au kuchomoka. Kwa hiyo usikubali kuondoka kama unaishi peke yako, au hujapewa tarehe ya kurudi na namba ya kupiga usiku.

Nyumbani, shida yangu kubwa ilikuwa shangazi. Alikitazama kile kijikasha kilivyojaa majimaji ya manjano, akaleta plasta. "Mwanangu, hapa si ndipo baridi itaingilia?" Nikamwambia shikamoo zote anazo, ila tundu lile la kijikasha, linalotoa hewa, haligusi mtu. Ukiliziba, hewa hujaa kifuani na pafu hubanwa upya.

Dawa ya maumivu meza kwa saa, usisubiri yakuzidi, maana mwenye maumivu havuti pumzi vizuri wala hakohoi. Lala umeinuliwa na mito. Pumzi ikizidi kukata, ngozi ya kifua ikivimba na kulialia ukiibonyeza, au mrija ukitoka, ita gari la wagonjwa. Usianze kuuliza kwenye kundi la WhatsApp.

Usishangae pia ukiachwa bila mrija. Australia na New Zealand walijaribu kuwaangalia tu wagonjwa wa aina yetu, na takriban 85 kwa kila 100 hawakuhitaji kutobolewa.

Tiketi ya Dar isubiri: mwongozo wa hapa unataka siku 7 baada ya eksirei kuonyesha pafu limejaa. Kuzamia baharini kwa mtungi sahau, labda baada ya upasuaji. Sigara, shisha na bangi, acha.

Na wewe uliye nyumbani Tanzania au Kenya, ambaye pafu lako limesinyaa kwa TB au ajali ya bodaboda, haya ya kurudi nyumbani hayakuhusu. Ukiwekewa mrija unaoishia kwenye chupa ya maji, hayo ndiyo matibabu yenyewe. Kaa wodini, chupa ibaki chini ya usawa wa kifua, na ndugu wasiibebe juu wakati wa kukusindikiza chooni.