Anza na Swali la Mwanafunzi: Ushauri kwa Wakutubi Wanaofundisha Stadi za Taarifa

Katika vyuo vingi, kipindi cha maktaba kwa wanafunzi wapya hufanyika wiki za mwanzo kabisa, kabla mhadhiri yeyote hajatoa kazi ya kuandika. Mkutubi husimama mbele ya ukumbi uliojaa, huonyesha katalogi na kanzidata tatu au nne, yaani hifadhi za kidijitali za makala za kitaaluma, hueleza namna ya kuingia kwa nywila, kisha huwaaga. Nimefundisha vipindi vya aina hiyo kwa miaka mingi, na vya aina nyingine pia, na nimefikia msimamo ambao ningependa wakutubi wenzangu, hasa wanaoanza kazi hii, waupime: stadi za kutafuta, kutathmini na kutumia taarifa hazimkai mtu ambaye hana swali analolitafutia jibu. Mwanafunzi anayeonyeshwa kanzidata kabla ya kuihitaji husikiliza kwa adabu, lakini kazi inapotolewa wiki kadhaa baadaye hurudi kwenye injini ya kutafutia aliyoizoea, akaandika sentensi nzima ya kichwa cha kazi yake, na kuchukua matokeo matatu ya juu.

Kwa hiyo, kama chuo chako kinakupa saa moja tu na kila kundi, jambo la kwanza la kupigania ni tarehe ya saa hiyo. Mtafiti wa Marekani Carol Kuhlthau, ambaye alianza kuchunguza mwenendo wa wanafunzi katika utafutaji tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba kazi ya utafiti hupitia hatua na kwamba kila hatua ina hisia zake. Mtu huanza na wasiwasi, hupata matumaini anapochagua mada, kisha anapoanza kusoma hukutana na maelezo yanayopingana na kuingia katika mashaka makubwa kuliko yale ya mwanzo, hadi pale anapopata mwelekeo wake mwenyewe. Hapo katikati, mada ikiwa imeshachaguliwa na hoja ikiwa bado haijapatikana, ndipo mwanafunzi anapomhitaji mkutubi kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo wengi wao hudhani kwamba wameshindwa. Kumwambia tu kwamba mkanganyiko huo ni sehemu ya kawaida ya kazi ni somo tosha, na ningeliweka mbele ya maelezo yoyote ya kanzidata.

Kuipata tarehe hiyo kunamtegemea mhadhiri, na hapa ningeshauri subira. Barua inayotumwa kwa idara zote ikitangaza kwamba maktaba iko tayari kufundisha huzaa matunda machache sana. Mtafute mhadhiri mmoja anayelalamikia ubora wa marejeo katika kazi za wanafunzi wake, umwombe akuonyeshe karatasi ya maelekezo ya kazi, na muisome pamoja. Mara nyingi utakuta maelekezo yanamtaka mwanafunzi atumie vyanzo vitano vya kitaaluma bila kusema vyanzo hivyo vifanye nini katika hoja. Mwanafunzi hutii idadi: huandika kwanza, kisha hutafuta makala tano za kupachika mwishoni. Pendekeza badiliko dogo, kwamba kila chanzo kiambatane na sentensi mbili au tatu zinazoeleza kwa nini kimechaguliwa na kinathibitisha nini, na kwamba maelezo hayo yapewe alama, hata kama ni chache. Badiliko hilo hubeba uzito kuliko mihadhara yako mitatu, kwa sababu linaigeuza tathmini ya chanzo kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Omba pia mhadhiri awemo darasani. Anapouliza maswali kuhusu makala za fani yake mbele ya wanafunzi, wao huona kwamba jambo hili ni la taaluma yao na halikuletwa kutoka nje.

Kuhusu saa yenyewe, chagua jambo moja au mawili. Najua ugumu wa kuacha mengine, kwa sababu mkutubi hujua kila ambacho mwanafunzi atakikosa, lakini saa iliyojaa vipengele kumi haiachi hata kimoja. Mimi hupenda kuanza kompyuta zikiwa zimefungwa. Kila mmoja huandika mada yake kwenye karatasi, kisha huibadilisha kuwa swali. Tuseme mada ni usingizi na wanafunzi. Mada hiyo haiwezi kutafutiwa jibu, kwa kuwa haiulizi kitu. Mwanafunzi akilazimika kuuliza kama uhaba wa usingizi unahusiana na matokeo ya mitihani kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ghafla ana dhana tatu mkononi, na kila dhana anaweza kuitafutia maneno mengine ambayo watafiti huyatumia. Watafiti wa afya huenda wakazungumzia muda wa kulala au ubora wa usingizi, na watafiti wa elimu wakazungumzia ufaulu au wastani wa alama. Kwa wanafunzi wanaofikiri kwa lugha moja na kutafuta kwa lugha nyingine, kama ilivyo kwa wengi duniani, hatua hii ina uzito wa pekee, kwani neno walilolitafsiri wenyewe mara nyingi silo ambalo fani inalitumia.

Baada ya hapo ndipo viunganishi vya AND, OR na NOT vinapopata maana. Maneno yenye maana zinazokaribiana huunganishwa kwa OR na hupanua matokeo, dhana tofauti huunganishwa kwa AND na huyapunguza, na alama za kunukuu hushikilia maneno pamoja kama kirai kimoja. Kuhusu NOT, fundisha tahadhari, kwa maana huondoa hata makala nzuri iliyolitaja neno hilo mara moja tu. Waache watafute, washindwe kupata, wabadilishe maneno, na waandike walichobadilisha. Jizuie kuwaonyesha utafutaji uliouandaa nyumbani ukaleta majibu safi kwa mkupuo mmoja, kwani huwafundisha kwamba mtaalamu hapati shida, nao wakikutana na shida hujiona hawafai. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Constance Mellon alichapisha utafiti wake kuhusu hofu ya maktaba, ambamo wanafunzi wengi walieleza mwanzo wa utafutaji wao kwa lugha ya woga na ya kupotea, huku kila mmoja akiamini kwamba wenzake wanajua na yeye peke yake hajui. Maktaba nyingi sasa zimo ndani ya skrini, lakini hofu hiyo bado naiona.

Mwanafunzi akishapata makala moja nzuri, mfundishe kuifuata nyuma na mbele. Nyuma ni kwenye orodha ya marejeo yake, na mbele ni kwa wale walioinukuu baadaye, jambo ambalo mtaalamu wa taarifa wa Marekani Eugene Garfield aliliwezesha kwa faharasa yake ya manukuu ya sayansi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1964, na ambalo leo mwanafunzi hulipata kwa kubofya kiungo kimoja kwenye Google Scholar, injini ya kutafutia maandishi ya kitaaluma. Hapa ndipo wazo la usomi kama mazungumzo linapoeleweka bila hotuba. Wazo hilo ni mojawapo ya dhana sita katika mwongozo wa chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, ACRL, ambao mwaka 2016 ulichukua nafasi ya viwango vya mwaka 2000. Viwango vile vya zamani viliorodhesha mambo ambayo mwanafunzi aweze kuyafanya, ilhali mwongozo mpya unazungumzia namna ya kufikiri. Ningewashauri mzisome dhana hizo kwa makini kisha mziache ofisini, kwa kuwa mwanafunzi hahitaji majina yake. Anahitaji kumwona mwandishi wa mwaka 2019 akimpinga yule wa mwaka 2011, na kutambua kwamba naye anaweza kuwa na la kusema kati yao.

Eneo ambalo ningelitumia muda mwingi zaidi ni tathmini ya vyanzo, kwa sababu ndiko tulikozoea kufundisha kwa njia inayoonekana nzuri na isiyosaidia sana. Orodha za ukaguzi, zinazomtaka mwanafunzi aangalie tarehe, mwandishi, lengo na usahihi wa ukurasa, zimekuwa nguzo ya vipindi vyetu tangu miaka ya mwanzo ya intaneti. Udhaifu wake ni kwamba zinamfanya msomaji abaki ndani ya ukurasa uleule unaotiliwa shaka na kuuliza ukurasa huo kama ni mwaminifu. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa ukweli wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakiwapa tovuti za kutathmini. Wanahistoria na wanafunzi wengi walisoma kutoka juu hadi chini, wakashawishiwa na nembo, muundo na lugha ya kisomi. Wahakiki waliiacha tovuti baada ya muda mfupi, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuihusu, na wakafikia hukumu sahihi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Mojawapo ya mazoezi yao ilihusu mashirika mawili ya madaktari wa watoto nchini Marekani yenye majina yanayofanana mno: American Academy of Pediatrics, chama kikuu cha taaluma hiyo kilichoanzishwa mwaka 1930, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa tofauti za kimsimamo. Ukitazama kurasa zao tu, huwezi kuona tofauti hiyo. Ukitoka nje ya ukurasa, unaipata baada ya dakika chache.

Tangu nilipoanza kutumia zoezi la namna hii, nawapa wanafunzi tovuti mbili na kuwaruhusu kutumia chochote isipokuwa maneno ambayo tovuti hizo zinajisemea zenyewe. Mjadala unaofuata huwa na uhai ambao orodha ya ukaguzi haijawahi kunipa.

Usiishie kwenye tovuti, lakini. Mwanafunzi akifundishwa kwamba tovuti ni za kushuku na majarida ya kitaaluma ni ya kuaminiwa, tumemhamisha tu kutoka imani moja kwenda nyingine. Mfano ninaoutumia ni makala iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1998, iliyowahusu watoto 12 na kudokeza uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Ilipitiwa na wataalamu, ilichapishwa na jarida linaloheshimika, na ilikuja kufutwa rasmi mwaka 2010 baada ya ukiukaji mkubwa wa maadili kubainika. Mwanafunzi anayepokea nakala ya faili kutoka kwa rafiki huenda asiione alama ya kufutwa, kwa hiyo mzoeze kurudi kila mara kwenye ukurasa wa jarida lenyewe. Muulize pia makala hiyo ingefaa kwa kazi ya aina gani leo. Kama ushahidi wa kitabibu haifai kabisa, lakini kwa anayeandika historia ya hofu ya chanjo ni chanzo cha lazima. Swali hilo humfundisha kwamba ubora wa chanzo hupimwa kulingana na kazi kinachopewa.

Kuhusu akili mnemba sitarefusha, ingawa wahadhiri huniuliza hilo kwanza. Programu zake zinazotunga maandishi, kama ChatGPT, zinaweza kuandika marejeo ya makala ambazo hazipo, zenye majina ya waandishi yanayoaminika na vichwa vinavyovutia, kwa kuwa hutunga maneno yanayoelekea kufuatana na haziendi kusoma rafu. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu za kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Badala ya kukataza kwa maneno, waambie wanafunzi waiombe programu orodha ya marejeo juu ya maswali yao, kisha wayatafute moja baada ya jingine katika katalogi na kanzidata. Wengine watagundua rejeo lisilokuwepo, na wengine watagundua makala halisi ambayo haisemi kile ilichodaiwa kusema, kosa ambalo ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani mpaka makala isomwe.

Mitindo ya kunukuu ningeipa dakika chache na karatasi ya mfano ya kuchukua, basi. Wanafunzi wakielewa kwamba rejeo ni njia ya kumwezesha msomaji kukifikia chanzo, nukta na koma watazirekebisha wenyewe.

Lililobaki ni kujua kama kipindi kimefaa. Fomu zinazouliza kama wanafunzi walifurahia hupima ukarimu wao. Mwombe mhadhiri akuruhusu kusoma kurasa za marejeo za kazi walizowasilisha, bila majina, pamoja na yale maelezo mafupi ya kwa nini kila chanzo kilichaguliwa. Angalia kama vyanzo vinazungumza kuhusu swali lenyewe au vimegusa neno moja tu, kama kuna makala zilizopatikana kwa kufuata manukuu, na kama maelezo yanataja kitu ambacho mwanafunzi alikisoma kweli. Kaa na mhadhiri kabla muhula unaofuata haujaanza, mkiwa na karatasi hizo mezani, na mkubaliane ni sehemu ipi ya maelekezo ya kazi ibadilishwe na ni jambo lipi lipewe nafasi kubwa zaidi katika saa itakayofuata.