Samaki mara tatu kwa wiki bila kumaliza hela ya mboga
Dada uliyeuliza familia ya watu sita itakulaje samaki kila wiki wakati changu na nguru bei haishikiki, achana nao kwanza hao, anza na dagaa. Mimi niko Dar, dagaa wa Mwanza ndo mkombozi wangu ila watu wengi wanawakosea, wanawatupia tu kwenye sufuria na michanga yao halafu wanasema dagaa wachungu. Toa vichwa na tumbo, osha na maji ya vuguvugu mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, kausha kwenye kikaango bila mafuta kwanza, ndo uunge na kitunguu, nyanya, pilipili hoho, malizia na tui zito la nazi na ndimu. Watoto wangu ugali unaisha. Na kwa vile unamla na mfupa wake unapata na kalsiamu humo humo.

Siku nyingine vibua. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi mnadani na majirani wawili watatu, mnachangishana mnanunua fungu kubwa mnagawana, ukinunua mmoja mmoja mtaani unalipia na usafiri wa muuzaji. Ukifika nyumbani toa matumbo na mashavu fasta, paka chumvi na ndimu, kaanga wote siku hiyo hiyo, kesho unawaunga mchuzi na bamia au mchicha, samaki wawili ukiwachambua minofu mchuzi unatosha nyumba nzima. Wa kukaanga wa jioni barabarani mimi sinunui, yale mafuta meusi hapana aisee.