Meli inalala Dar saa chache tu: wageni tuwapeleke wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Wifi yangu anaishi Hamburg na mumewe Mjerumani. Mwezi ujao watapita Dar na meli ya kitalii. Itafunga gatini saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Huyo mzee wa Kijerumani hana habari na ufukwe wala maduka. Anachopenda ni makanisa ya zamani, majumba ya watawala na makumbusho. Wifi naye goti linamsumbua, hawezi mwendo mrefu. Mume wangu anasema Dar hakuna vitu hivyo, bora tuwapandishe boti twende Unguja na kurudi. Unatushaurije? Mama wa watoto wawili, Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo safari ya Unguja iacheni kabisa. Kuvuka peke yake kunakula kama saa mbili kwenda na mbili kurudi, hapo hujahesabu foleni ya kupanda boti, na bahari ikichafuka ndiyo basi. Meli ya kitalii haimngojei abiria aliyetoka kivyake. Kila abiria hutakiwa awe ameshapanda muda kabla ya kuondoka, na anayeachwa hujilipia nauli hadi bandari inayofuata. Msiwaweke wageni wenu kwenye presha hiyo.

Halafu mwambie mumeo, kwa heshima zote, kwamba nimewatembeza watu mjini humu miaka mingi na hilo la Dar hakuna kitu silikubali. Anayoyataka mgeni wenu mengi yamepangana kwenye Barabara ya Sokoine, yanaitazama bandari.

Anzeni na Boma la Kale, pale Sokoine inapokutana na Morogoro Road. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujijengea mji hapa, boma hili lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa ajili ya kupokea wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870, na Barghash aliyemfuata hakuwa na haja na mji huu, kazi nyingi zikaachwa njiani. Kwa hiyo jumba la Majid hamtaliona, limeshatoweka, ila nyumba ya wageni wake mnaingia kwa miguu yenu. Msipite haraka hapo. Msogezeni mzee karibu na ule mlango wa nakshi za Kizanzibari, aufuate mchongo kwa macho kutoka chini mpaka juu ya kizingiti. Kisha atazame unene wa ukuta: mawe ya matumbawe na chokaa, ukitoka juani na kuingia ndani mwili unapoa papo hapo. Ndani kuna maonesho ya majengo ya mji wetu, nayo yatamsaidia kuelewa kila atakachokiona baadaye. Watu wengi wa Dar hupita nje ya boma hilo kila siku hawajawahi kuingia, na jambo hilo linaniuma kwelikweli.

Mbele kidogo, mkabala na boti za Unguja, ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902. Kaeni kwenye mabenchi ya katikati, mtulie, macho yazoee kivuli, ndipo mtazame vioo vya rangi nyuma ya altare. Mabega yafunikwe, kofia ivuliwe, na kama misa inaendelea kamera zikae mfukoni. Ukifuata barabara hiyohiyo unalikuta Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu. Mgeni wenu atajiona kama yuko kijijini kwao Bavaria, mpaka pale kwaya itakapoanza kuimba Kiswahili. Makanisa hayo hayako mbali, lakini kwa lile goti chukueni bajaji.

Ikulu ya Magogoni haitembelewi, na kuipiga picha hakuruhusiwi. Mweleze tu kwamba jengo la mwanzo la Wajerumani lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, na hili la sasa Waingereza walilijenga upya mwaka 1922.

Mchana jua likiwa kali, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Ilifunguliwa mwaka 1940. Wewe na mumeo bebeni vitambulisho vya taifa, kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Nendeni moja kwa moja kwenye chimbuko la binadamu, mtazame magego ya Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu lake Olduvai mwaka 1959. Meno mapana namna ile hutayasahau. Magari ya viongozi yatamfurahisha mzee, na uani kuna kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Hapo simameni kidogo.

Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama nakipenda sana, zile nyumba za asili za makabila zinastahili nusu siku. Lakini foleni ya kurudi mjini jioni mnaijua wenyewe. Saa tisa na nusu muwe mmeshageuza kuelekea bandarini, na wageni wawe na kadi zao za meli mkononi, bila hizo getini hawapiti.

Kuhusu Unguja, waulize kwanza kama meli yao yenyewe itatia nanga huko. Nyingi hufanya hivyo. Ikiwa ndivyo, wapelekwe kanisa la Waanglikana la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la sultani, wasiitegemee sana, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Muulize wifi ratiba ya meli kabla mumeo hajanunua tiketi ya boti.